Uganda: Kuketi darasa moja hakutoshi kuleta maelewano

Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Lakini haki hizo hazimfikishi mtu mbali iwapo hana lugha ya kuzungumza na mwajiri, muuguzi au jirani. Hapo ndipo ulipo uzito wa madarasa ya lugha kwa watu wazima.

Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanaishi Wakongo, Waburundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Mchanganyiko huo unapoingia darasani, kila mmoja huelekea kuketi na wa kwao. Kiswahili, kinachomuunganisha Mkongo na Mrundi, chaweza wakati huohuo kumtenga Msomali asiyekijua.

Kubadilisha viti pekee si dawa. Linalohitajika ni kazi isiyokamilika bila ya mwenzako: mmoja apewe bei za sokoni, mwingine mahitaji ya nyumbani na kiasi cha fedha kilichopo. Hawawezi kumaliza hesabu mpaka waulizane, na lugha pekee wanayoshiriki ni ile wanayojifunza.

Mtu mzima, hata hivyo, huja na heshima yake. Fundi aliyesifika kwao, akisahihishwa mbele ya vijana, huenda asirudi kesho. Ni heri aanze kusema katika kundi la watu watatu, na ufundi wake uwe sehemu ya somo.

Upo pia mpaka wa kuchunga. Kumtaka mwanafunzi asimulie alivyokimbia kwao kunaweza kufufua machungu, hasa pale watu waliotoka pande zilizopigana wanapoketi meza moja. Bei ya mahindi, foleni ya zahanati na karo ya watoto ni mazungumzo salama zaidi, tena ndiyo yatakayowakutanisha nje ya darasa.

Suala hili linawahusu wenyeji pia, kwani sera ya Uganda inataka takriban asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwanufaishe. Mganda aliyekosa shule utotoni anastahili kuwamo katika makundi hayo. Mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na kaya inayoishiwa hubisha hodi kwanza kwa jirani.