Funga Daftari Kwanza, Ndio Ujue Unajua Nini

Najua mtasema nini. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza kusoma?" Sawa. Lakini aliyeanguka shimoni ndiye anajua shimo liko wapi.

Juzi nimepata sista yangu wa kidato cha nne macho saa saba usiku. Daftari lake la Bayolojia lina rangi kuliko matatu ya Rongai. Nikalifunga, nikampa karatasi tupu. "Nichoree moyo. Damu ikitoka kwa mapafu inaenda wapi?" Kimya. Kisha akakasirika: "Lakini nimesoma hii kitu mara nne!"

Manze, nilijiona. Mimi pia nilikuwa bingwa wa kusoma tena na tena. Ukipitia ukurasa mara ya nne unaonekana rahisi, unadhani umeujua. Hujaujua, umeuzoea tu. Ni kama uso wa kondakta unayemwona kila siku na jina lake hulijui.

Mwaka wa 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walijaribu hii kitu na wanafunzi. Kundi moja lilisoma makala mara nne. Lingine likasoma mara moja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 40. Wale wengine? 61.

Hiyo dakika 5 ndiyo hutudanganya. Mimi nilikariri usiku, nikamwaga asubuhi, nikapita. Chuoni hesabu ya mwaka wa kwanza ikaanza pale KCSE iliishia, na kichwani hakukuwa na kitu. Karo ilinisumbua, ndio, lakini sitasingizia pesa peke yake. Hiyo mitihani niliyorudia haikuletwa na karo.

Kwa hivyo sista yangu sasa anafanya hivi. Anasoma mada moja, anafunga daftari, anaandika yote anayokumbuka. Anafungua, anajaza mapengo kwa kalamu nyekundu. Anairudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki ijayo, maana tunachosoma huanza kutoroka siku hiyo hiyo. Pepa za miaka iliyopita anazifanya kwa saa, majibu yakiwa mbali. Ukisoma swali na jibu pamoja, hujafanya pepa, umesoma hadithi. Na saa nne usiku analala. Kukesha na miguu ndani ya beseni la maji baridi si bidii, ni kujitesa.

Mtasema muda ni mfupi. Ndio maana usiupoteze kupaka rangi mistari.

Shida ya kweli si muda, ni woga. Karatasi tupu inakuaibisha, daftari wazi linakubembeleza. Na wengine wakiogopa sana, ndio huanza kutengeneza mwakenya. Afadhali uaibike leo chumbani kwako, peke yako, kuliko Novemba mbele ya msimamizi.

Usiku ule sista yangu alilia kidogo. Jana amenichorea moyo wote, mishale na kila kitu, bila kuangalia. Ameubandika kwa friji.

Wewe je, ukifunga daftari sahi, nini kitabaki?