Barua ya wazi kwa Baraza la Madiwani la Itigi: Vichaka visigawiwe kabla wanakijiji hawajaulizwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani na Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, Mkoa wa Singida.

Nakala: Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Yah: Nafasi ya wananchi katika kulinda vichaka vya Itigi

Waheshimiwa,

Mwaka 1983 UNESCO ilichapisha ramani ya uoto wa Afrika nzima, kazi iliyosimamiwa na mtaalamu wa mimea Frank White. Bara zima liligawanywa humo kwa aina za uoto: misitu ya mvua, miombo, mbuga, majangwa. Na katikati ya Tanzania kipo kipande kilichopewa alama yake na jina lake, vichaka vya Itigi. Mji wetu huu wa stesheni ya reli, ambao Watanzania wengi wanaujua kwa hospitali ya Mtakatifu Gaspar na kwa jasi, umo katika vitabu vya mimea vya dunia kwa sababu ya kile kinachoota nyuma ya nyumba zetu. Ukiacha hapa kwetu, uoto huu unapatikana kaskazini mwa Zambia, kati ya Ziwa Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika, basi. Kule Zambia sehemu kubwa imeshafyekwa. Huku kwetu nako kila kiangazi panga na shoka vinaendelea.

Nawaandikia kuomba jambo moja. Kisigawiwe kipande kingine cha kichaka, kwa shamba kubwa, kwa mkaa au kwa mwekezaji, kabla mkutano mkuu wa kijiji husika haujaonyeshwa ramani ya kilichobaki na kukata shauri wenyewe.

Najua ugumu wa ombi hili. Kichaka hakina mtetezi. Hakina miti minene ya mbao inayomfanya ofisa misitu asimamishe gari, wala hakina simba wa kupigwa picha kama pori la akiba la Rungwa. Anayepita kwa basi kutoka Manyoni mwezi wa Septemba huona ukuta wa kijivu pande zote mbili za barabara, akadhani hapa hakuna kitu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, iliiogopa nchi hii, ikaiita Mgunda Mkali. Wapagazi walijitahidi kuivuka kabla chakula hakijaisha. Woga ule umepita, lakini dhana kwamba hii ni ardhi isiyo na kazi imebaki, na naisikia hata kwenye vikao vya maendeleo.

Basi naomba diwani yeyote aingie ndani japo kwa saa moja. Vishina vinatoka ardhini vingi kwa pamoja, vimesongamana hivi kwamba mtu mzima anapita kwa kuinama, au hapiti kabisa. Urefu wake ni mita 3 hadi 5. Chini hakuna nyasi, kuna kivuli na majani makavu yaliyoanguka. Kutokuwa na nyasi ndiko kunakokilinda kichaka. Moto wa kiangazi unaokula mbuga na miombo ukifika ukingoni mwa kichaka hukosa cha kushika, ukazimika wenyewe. Lakini fungua shamba la ekari mbili katikati, lima misimu miwili, kisha liache. Nyasi zitaingia, zitaleta moto, na moto utaua machipukizi ambayo yangeziba lile pengo. Mwaka unaofuata moto unaingia ndani zaidi. Ndiyo maana nasema kufyeka ekari mbili za kichaka si kufyeka ekari mbili. Na hakuna kitalu cha miche kinachoweza kukirudisha. Tunapanda miche shuleni na ofisini kila msimu wa kampeni, na ni jambo jema, ila mkaratusi uliopandwa uwanjani haulipi kichaka kilichong'olewa kilomita kumi kutoka hapo.

Mvua zikishashika, ukuta ule wa kijivu unageuka kijani kwa siku chache tu. Jamii ya Baphia huchanua maua meupe yenye doa la njano katikati, na hapo nyuki wanakuwa wengi mno. Humo pia kuna mmea uitwao Burttia prunoides, ambao hauna ndugu mwingine katika jenasi yake duniani. Umepewa jina la Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea aliyezunguka nchi hii kabla ya Vita vya Pili vya Dunia akikusanya na kuandika, hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkuu wake, Charles Swynnerton.

Nawataja hawa wawili kwa sababu. Idara yao ilikuwa ya utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga, na moja ya njia za kupambana na mbung'o zamani zile ilikuwa kufyeka pori. Nia ilikuwa njema: ndorobo ilikuwa inaua mifugo, malale yalikuwa yanaua watu. Lakini pori lilifyekwa kwa uamuzi wa ofisi. Ikaja pamba, ikaongezeka mifugo, kuni zikakatwa, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa zimebaki wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kilichouokoa mkoa ule hakikuwa miche ya serikali. Kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyafunga mpaka kiangazi kikali, ikisimamiwa na wazee na mikutano yao ya dagashida. Serikali ilipokubali kuisikiliza desturi hiyo, uoto ulirudi katika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi ile ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wasukuma wale wale ni majirani zetu hapa Itigi leo, na mara nyingi tunawazungumzia kama waharibifu tu. Sijawahi kuona kikao chetu kikiwauliza wanavyojua kufunga malisho.

Mfano wa pili ulianzia karibu na reli yetu wenyewe. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta matingatinga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, kulima karanga. Hawakumuuliza Mgogo mvua yake inanyesha vipi. Vichaka vya Kongwa vilivunja mashine, na vilipong'olewa udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga zilishindwa kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda. Udongo wa vichaka vyetu nao ni hivyo hivyo: laini mvua inyeshapo, mgumu kama sakafu ya saruji kiangazi. Mkulima mzee wa Itigi anajua ni wapi panalimika na ni wapi mtu atavuna mara mbili kisha ahame. Ujuzi huo haumo kwenye ramani ya mpima ardhi, na haugharimu kitu kuupata isipokuwa kuitisha mkutano na kusikiliza.

Hapa mkoani Singida kwenyewe tuna historia ambayo nchi nyingine zilikuja kujifunza. Mwaka 1995 vijiji vitano vinavyozunguka msitu wa Mgori vilikabidhiwa jukumu la kuulinda, badala ya msitu ule kuwa hifadhi ya serikali kama ilivyokusudiwa. Kila kijiji kilikuwa na eneo lake, sheria ndogo zake, walinzi wake. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati ndizo zilizofungua njia ya usimamizi shirikishi ambao baadaye uliingizwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ni kweli kwamba miaka ya baadaye Mgori ilivamiwa kwa mashamba na mkaa hadi viongozi wa mkoa wakalazimika kuingilia. Wapo wanaotumia hilo kama ushahidi kwamba wananchi hawawezi. Mimi nalitazama tofauti. Mlinzi wa kijiji hana mshahara, hana gari, hana silaha. Akimkamata mwenye lori la mkaa na kumfikisha kunakohusika, kisha akamwona mtu yule yule njiani wiki inayofuata akiwa na lori lile lile, hatatoka doria tena. Mwananchi anaposhirikishwa kulinda, serikali nayo inapaswa kumlinda yeye.

Sheria haituzuii, waheshimiwa. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde maliasili za nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa kwenda kwenye ardhi ya jumla bila mkutano huo kukubali. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi na kufaidi mapato yake. Tatizo liko katika utekelezaji. Mkutano unatangazwa asubuhi ufanyike jioni, au unaitishwa siku ya mnada. Anayesimama mbele anasoma waraka wa kurasa nyingi kwa haraka, wananchi wanapiga makofi, na muhtasari unaandikwa kwamba wameridhia. Akina mama wanaotegemea kichaka kwa kuni, uyoga na dawa wanakuwa wameketi nyuma. Warina asali wanakuwa porini. Wafugaji hawakupata taarifa. Huko si kushirikishwa.

Haraka yangu inatokana na mambo ninayoyaona. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Barabara ya Mkiwa, Itigi hadi Noranga, kilomita 56.9, ilipangiwa lami, na ndiyo mwanzo wa njia ya kwenda Rungwa, Makongolosi na Mbeya. Nazifurahia zote mbili. Mgonjwa anayeletwa hospitali kutoka Rungwa masika anajua thamani ya lami. Lakini barabara nzuri inapunguza nauli ya gunia la mkaa kama inavyopunguza nauli ya gunia la alizeti. Na kwa jirani zetu wa Manyoni, mashamba ya pamoja ya korosho ya Masigati yameonyesha jinsi maelfu ya ekari yanavyoweza kupimwa na kufunguliwa kwa muda mfupi. Sipingi korosho. Naomba tu tujue kabla ya tingatinga kuwashwa ni kichaka gani kinakwenda na ni kipi kinabaki, na anayekipoteza awe amekubali.

Kuna watu tayari wanaishi kwa kichaka bila kukikata. Asali ya Itigi na Manyoni inajulikana hadi Dar es Salaam, na TFS ina hifadhi ya nyuki hapa hapa Aghondi. Wakimbu wametundika mizinga ya magogo katika nchi hii tangu kabla ya reli. Kwa mrina asali, kichaka kilichosimama ni kipato cha kila mwaka. Kwa mchoma mkaa ni kipato cha mara moja. Lakini ushuru wa asali na wa mkaa unapopita kwenye kizuizi cha mazao, kijiji ambako mazao hayo yametoka mara nyingi hakioni kinachorudi. Kama sehemu ya ushuru huo ingerudi kijijini kulipa posho ya walinzi na kusomwa hadharani kwenye taarifa ya mapato na matumizi, mngemwona mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe akisimamisha malori.

Kwa hiyo naomba Baraza, katika kikao chake kijacho, lielekeze idara ya maliasili ishirikiane na TFS kuchora ramani ya vichaka vilivyobaki, kijiji kwa kijiji, na ramani hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji kwa Kiswahili, ikiwa na majina ya mito, vilima na njia kama wenyeji wanavyoviita. Ramani hiyo iingie kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi. Vijiji vitakavyotaka kutangaza hifadhi zao visaidiwe kuandika sheria ndogo, na sheria hizo zisikae mezani kwa Mkurugenzi mwaka mzima zikisubiri kupitishwa. Tathmini yoyote ya athari kwa mazingira inayogusa vichaka isomwe kijijini kabla ya maoni kuchukuliwa, na wananchi wapewe angalau wiki mbili za kuizungumza majumbani. Mikutano iwe na wafugaji, warina asali na akina mama, na ihudhuriwe na diwani wa kata.

Mashamba mapya huanza kufyekwa kuanzia Agosti, na mvua zikikaribia moto unawashwa. Ramani ichorwe na mikutano ya vijiji vitakavyokuwa tayari ifanyike kabla ya hapo, na mpaka hayo yatakapofanyika, vibali vya kufungua maeneo mapya ndani ya vichaka visimamishwe. Mimi na wenzangu tunaofuga nyuki tuko tayari kutembea na wapimaji ndani ya vichaka, bila posho, kuwaonyesha mipaka tunayoijua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Itigi