Uhuru Ukutani, Historia Jikoni

Tarehe 9 Desemba niliingia katika mgahawa mmoja wa Kariakoo kula chakula cha mchana. Mwenyewe alikuwa ameupamba kwa ajili ya sikukuu. Ukutani ilitundikwa picha kubwa ya Mwalimu Nyerere, na chini yake maandishi yenye kusimulia jinsi nchi ilivyojipatia Uhuru. Kando yake, bei ya pilau ya siku ile. Nilifurahi, wala sisemi hivyo kwa kejeli. Ni migahawa mingapi huiadhimisha siku hiyo kwa jambo lolote zaidi ya kuongeza sauti ya muziki?

Lakini furaha yangu haikufika mwisho wa sahani. Kwanza, mwaka 1961 ulikuwa umechorewa bendera yenye buluu. Bendera iliyopandishwa wakati ule ilikuwa ya kijani, nyeusi na mistari ya njano. Buluu ilitoka Zanzibar baada ya Muungano wa mwaka 1964. Kosa hilo ni dogo, nami ningeliachilia. Lisiloachilika ni yale maandishi, ambayo yaliusimulia Uhuru kana kwamba mtu mmoja alipanda ndege kwenda Umoja wa Mataifa, akarudi nao mkobani.

Hebu tuulizane, ndugu msomaji: TANU ilijengwa na nani? Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Kwa hiyo wengi wa waliosoma walikuwa wamefungwa midomo hata kabla chama hakijazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Aliyeweza kuchukua kadi pasipo kuogopa kufukuzwa kazi ni yule asiyekula mshahara wa mkoloni: mkulima, mchuuzi wa sokoni, mwanamke wa maandazi, mpika pombe. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza iko wapi sehemu ya wanawake ya TANU. Haikuwapo. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma hapa hapa mjini. Akavipitia vikundi vya lelemama kimoja baada ya kimoja, na wanawake wakajiandikisha kwa maelfu. Wengi wao hawakuwa na cheti cha shule. Walikuwa na karai, mafuta na senti zao wenyewe.

Basi je, si ajabu kwamba mtu anayeishi kwa kuuza vitumbua aiandike historia ya Uhuru bila kitumbua ndani yake? Hiyo ndiyo kasumba ninayoilalamikia. Tumefundishwa kwamba historia hutoka katika ofisi na hati, na jikoni hutoka moshi tu.

Wapo watakaosema kwamba jina la Bibi Titi lina utata, kwa kuwa mwaka 1971 alihukumiwa kifungo kwa kosa la uhaini, akaachiliwa mwaka 1972. Hukumu ya 1971 haiwezi kuifuta kazi ya 1955. Taifa lenyewe limekwisha kulikubali hilo, maana barabara yenye jina lake haiko mbali na mgahawa ule, na huenda baadhi ya wateja huipita wakija kula.

Nilimweleza mwenyewe hayo. Akanijibu kwamba wateja huja kula, hawaji kusoma. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Anayetundika historia ukutani amekwisha kuwa mwalimu, apende asipende. Na watoto waliotumwa chapati walikuwa wamesimama mbele ya maandishi yale, wakiyasoma kwa sauti huku wakingoja chenji.

Alinyamaza kidogo, akafuta meza ambayo haikuwa chafu. Kisha akaniuliza picha ya Bibi Titi inapatikana wapi. Nimeahidi kumpelekea kabla ya Saba Saba.