Eti Historia Haibadiliki

“Hivi, Mwalimu, karne ya kumi na tisa imebadilika lini?” Mwalimu wa Historia akithubutu kusema likizo ya Juni anakwenda mafunzoni, swali hilo halikosi, na kicheko juu yake. Wa Fizikia aende, ana haki. Wa Kompyuta ndiyo kabisa. Sisi tunafuata posho tu, maana waliokufa wamekufa na tarehe zao hazisogei.

Mimi naisubiri Juni kwa hamu. Nafundisha Bagamoyo, na hapa utani huo hauna pa kusimama.

Chukua Vita vya Abushiri. Madesa yanayorithishwa kidato hadi kidato yanasema Waarabu wa pwani walikasirika kupoteza biashara yao, wakawavaa Wajerumani mwaka 1888, Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba 1889, basi. Hiyo ni hadithi ya Wajerumani wenyewe. Kuyaita mapambano yale uasi wa Waarabu kuliwafaa, kwa sababu wakubwa wa Berlin walikuwa wepesi kutoa fedha za vita wakiambiwa ni vita vya kukomesha utumwa. Mwaka 1995 mwanahistoria Jonathon Glassman alichapisha kitabu chake Feasts and Riot, na ndani yake wanaonekana wengine kabisa: wapagazi kutoka bara, wanavijiji, watu wa mjini waliokuwa na kinyongo na Wajerumani na vilevile na matajiri wao wa pwani. Abushiri mwenyewe alipata taabu kuwatuliza. Na ukivuka Mto Wami hadi Saadani unamkuta Bwana Heri, akiwa na Wazigua nyuma yake, bado anapigana baada ya Abushiri kunyongwa. Madesa yanampa nusu mstari.

Au nenda kwenye magofu ya Kaole na wanafunzi, uone kama hawatauliza msikiti ule ulijengwa na nani. Tangu Machi 2023 swali hilo halijibiwi kwa mazoea. Mwezi huo jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Mtwapa na Kilwa: mama wengi Waafrika, baba wengi kutoka Uajemi, kuchanganyika kukianza karibu mwaka 1000. Kaole haikupimwa, lakini anayesema asili ya Washirazi kutoka Uajemi ni ngano tupu na anayesema wageni ndio waliojenga kila kitu, wote wawili wana kazi ya kusoma upya. Mwalimu aliyehitimu 2012 angeyapata wapi haya? Kwenye cheti chake?

Tena mtaala ulioboreshwa wa 2023 umetuletea Historia ya Tanzania na Maadili, somo la Kiswahili, sisi tuliosomea chuo kikuu kwa Kiingereza.

Semina mbovu zipo, sibishi. Unasaini mahudhurio, unanywa chai, unasomewa maandishi ya ukutani ambayo ungeweza kuyasoma mwenyewe, unarudi nyumbani. Hizo zifutwe hata kesho. Mimi nataka wiki ya kukaa na mwanaakiolojia juu ya magofu, na kubishana na wenzangu wa Pangani kuhusu Abushiri wao na wetu.

Mkuu wa shule anayeninyima ruhusa kwa hoja kwamba Historia ni ile ile, heri aseme tu fungu limekwisha. Hilo nitalielewa.