Si uchawi, ni usingizi

Wiki tatu zilizopita mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 11. Kichwa kinauma, darasani anasinzia. Vipimo vya malaria, damu na macho havikuonyesha tatizo. Nilipouliza analala saa ngapi, mama akanipa simu. "Daktari, ni huu mchezo wa wachawi. Bibi yake anasema umemwingia."

Ni mchezo wa mafumbo: unapanga vipande vya rangi moja, vinapasuka, unapata nguvu za kichawi na kuvuka hatua. Iko mingi ya aina hiyo; hata Harry Potter ana wake, Puzzles & Spells, uliotoka mwaka 2020. Fimbo za kichawi hazinitishi, sisi wenyewe tumelelewa na hadithi za majini.

Kinachonisumbua ni zile wanazoita laifu. Mtindo huu ulienezwa na Candy Crush Saga ya mwaka 2012: una laifu 5, ukishindwa hatua unapoteza moja, na moja hurudi kila baada ya dakika 30. Zikijaa, hesabu inasimama. Maana yake kila saa mbili na nusu mtoto ana sababu ya kuishika simu tena. Binti yule alinieleza bila kuficha: huamka saa nane usiku kuzitumia, "zisikae bure".

Je, ni mraibu? Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo hii kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini kwa kawaida daktari hutazama miezi 12 ya kushindwa kujizuia huku maisha yakiharibika. Huyu alikosa usingizi tu. Umri wake unahitaji saa 9 hadi 12.

Sikumwambia mama aufute. Nilimwambia simu ilale chumbani kwake, arifa zizimwe, namba ya siri ya malipo asiijue mtoto. Acheze baada ya kazi za shule. Laifu zikiisha, basi mpaka kesho. (Nami niliujaribu nyumbani, dakika kumi zikawa saa nzima. Msiwacheke watoto.)

Binti sasa analala saa tatu usiku na kichwa kimetulia. Kama wako analala vizuri wiki mbili na bado kinauma, mrudishe kliniki. Maumivu yanayomwamsha usingizini, au yanayokuja na kutapika asubuhi, usiyasubirishe hata siku moja.