Mzabibu Usio na Divai

Katika jamaa ya mzabibu umo mmea ambao Wafaransa huuita mzabibu bikira. Asili yake ni mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Ulaya huupanda kandokando ya kuta kwa ajili ya majani yake, ambayo huwa mekundu kabla ya kupukutika. Matunda yake ni chakula cha ndege. Kwa binadamu ni sumu. Wengine husema haufai kitu. Sisi hatukubali: ukuta uliofunikwa na majani haupigwi sana na jua. Tunayemlaumu ni apandaye asipogoe, maana vikono vyake hunata ukutani, matawi hupenya chini ya vigae, na anayeung’oa kwa nguvu hubandua na rangi ya nyumba. Mkasi upite kila mwaka, majani yakiisha kuanguka, na madirisha yaachwe wazi.