MWALIMU WA NGUMI ASIBEBESHWE MZIGO WA WOTE

Kila bingwa wetu anapoanguka ulingoni, neno moja husikika katika baraza za Mtwara, tangu sokoni mpaka Mikindani na Msimbati: "Mwalimu wake ndiye aliyemponza." Neno hili hutamkwa upesi, na mara nyingi hutamkwa na mtu ambaye hajapata kuvaa glavu hata siku moja. Sisi twaona yafaa lipimwe, kwani lina madhara kwa vijana wetu kuliko watu wanavyodhani.

Na tuanze na mambo yanayojulikana na wote. Mwezi wa Septemba 2018, Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, aliitwa Birmingham kwa muda mfupi kupigana na Sam Eggington wa Uingereza. Wenyeji walimwona kuwa mtu wa kujaza nafasi tu. Katika raundi ya pili mwamuzi alisimamisha pambano, na Mtanzania akatangazwa mshindi. Nchi nzima ilishangilia, na sisi watu wa Kusini tulishangilia kama kwamba kijana yule amezaliwa Shangani. Je, ni wangapi kati yetu waliouliza siku ile jina la mwalimu wake?

Miaka minne ikapita. Tarehe 3 Septemba 2022 Mwakinyo alipanda ulingoni mjini Liverpool kupambana na Liam Smith, mtu aliyepata kuwa bingwa wa dunia. Katika raundi ya nne mambo yakaisha, na safari hii aliyeshindwa ni wetu. Mwenyewe alisema kwamba viatu vilimbana na kwamba aliumia mguu. Barazani kila mtu akawa hakimu. Wako waliocheka habari ya viatu, wako waliowalaumu walioandaa safari, na wako waliosema kosa ni la mwalimu. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walikuwa wameleta nishani za shaba za ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hapo pia hakuna aliyeuliza wamefundishwa na nani. Basi hii ndiyo haki gani, ndugu zetu? Siku ya ushindi mwalimu hana jina, siku ya kushindwa jina lake liko midomoni mwa kila mtu!

Hatusemi kwamba mwalimu hana kosa kamwe. Tukisema hivyo tutakuwa twadanganya. Mwalimu ana kazi yake, nayo yajulikana. Ni juu yake kumfundisha kijana kujikinga kabla ya kumfundisha kupiga. Ni juu yake kumwandaa kwa pumzi na miguu, maana mikono ya bondia husimama juu ya miguu yake. Ni juu yake kumjua adui kabla ya kukubali pambano, na kusema "hapana" kama kijana hajawa tayari. Na mwisho, ni juu yake kutupa taulo. Mwalimu aliyezembea katika hayo, na alaumiwe.

Lakini kuna mambo ambayo hayamo mikononi mwake. Si yeye atoaye hati za safari. Si yeye apangaye tarehe ya pambano wala mkataba wa fedha. Si yeye anunuaye ndege wala ajengaye nyumba ya mazoezi. Na si yeye aliyempa adui miaka kumi na mitano ya kujifunza katika jumba lenye vyombo vyote, madaktari, na wenzi wengi wa kufanya nao mazoezi. Kijana wetu akikutana na mtu wa namna hiyo, wanaopambana si watu wawili tu. Nyuma ya kila mmoja iko nchi yake na matayarisho yake.

Watu wa mdomo wa Ruvuma watatuelewa. Pale mto unapoingia baharini, mafungu ya mchanga huhama, na maji yakitoka chombo hukwama. Mwenye chombo akitoa tanga bovu na kamba zilizooza, kisha akaamuru safari, chombo kikizama je, tutamlaumu nahodha peke yake? Mwenye chombo ana sehemu yake kubwa. Lakini nahodha naye asiseme "nilitumwa tu." Aliliona tanga, alizijua kamba, na mwenye kujua zaidi ndiye mwenye wajibu wa kukataa.

Sisi wa Kusini tumepata kuyaona hayo katika mambo makubwa kuliko ngumi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa mahali pamojawapo. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, na reli ikalazwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na mamilioni ya pauni yamekwisha potea. Je, kosa lilikuwa la dereva wa trekta? Kosa lilikuwa la waliopanga mambo mbali bila kuuliza udongo na bila kuuliza wenyeji. Lakini aliye chini ndiye huonekana kwanza, na lawama humwangukia yeye.

Turudi ulingoni. Mwezi wa Februari 1980 Muhammad Ali alifika Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tususie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Hatukususia. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Ali, mwenye umri wa miaka 38, alirudi ulingoni kupigana na Larry Holmes mjini Las Vegas. Alipigwa raundi baada ya raundi. Baada ya raundi ya 10 mwalimu wake, Angelo Dundee, alisimamisha pambano, ingawa msaidizi mwingine katika kona ile alitaka raundi moja zaidi. Ukitazama kwa macho ya barazani utasema Dundee ndiye aliyetia sahihi kushindwa kwa bingwa. Sisi twasema alitimiza wajibu wake. Kosa lilikwisha fanyika zamani, na watu waliotaka fedha, na waliotoa ruhusa, na bingwa mwenyewe aliyekataa kusikia. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alimwacha tangu 1977 kwa sababu maonyo yake hayakufuatwa.

Na kama kuna mtu anayeona taulo ni aibu, amkumbuke Robert Wangila wa Kenya. Alipata dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 huko Las Vegas mwamuzi alisimamisha pambano lake, naye akalalamika kwamba bado aweza kupigana. Siku chache baadaye alikuwa marehemu. Pambano lililopotea laweza kurudiwa. Kijana aliyekufa harudi.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Tukiendelea kuwatupia walimu lawama zote, yatatokea mambo mawili. Kwanza, mwalimu ataogopa kutupa taulo, maana ajua ataitwa mwoga na msaliti, na kijana ataendelea kupigwa ili mwalimu aokoe jina lake. Pili, watu wenye ujuzi watajitenga, na vijana wetu wa Mtwara, Lindi na Masasi watafundishana wenyewe mchangani, bila kinga ya meno na bila mtu wa kuwaambia basi. Nchi hii imekwisha toa Titus Simba, aliyepata fedha mjini Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba, aliyepata dhahabu mjini Kuala Lumpur mwaka 1998. Damu ya ngumi tunayo. Kinachopungua ni malezi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wapenzi wa chama katika kila tawi wafanye mambo haya. Lisiruhusiwe pambano lolote la ngumi, iwe la sikukuu au la kiingilio, bila daktari kando ya ulingo. Zichangwe glavu na kofia za mazoezi, kama tunavyochanga kwa mambo mengine. Walimu wetu wadaiwe mafunzo, na Baraza la Michezo la Taifa lidaiwe kuwafikishia mafunzo hayo huku Kusini, si Dar es Salaam tu. Na bingwa akishinda, mwalimu wake asimamishwe mbele ya watu apigiwe makofi.

Tukiyatimiza hayo, kisha bingwa wetu akashindwa, tutakuwa na haki ya kumwuliza mwalimu. Kabla ya hapo, na tujiulize wenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mkono mmoja haulei mwana.